Serikali Mpya, Mfereji Uleule

Jameni, siasa siijui, lakini kura napiga. Wakubwa wakibadilika pale City Hall, Nairobi, mimi ndiye wa kwanza hapa mtaani Waithaka kuosha mitungi. Naisugua na sabuni, naipanga foleni mlangoni, nangoja mabadiliko. Mama Shiro ananiangalia tu. "Baba Shiro, hayo maji ya kuoshea mitungi umenunua ngapi?" Nanyamaza. Ningesema nini?

Zamani maji yalikuwa ya Kanju, baraza la jiji. Ikaja Sheria ya Maji ya 2002, mwaka uleule KANU iling'olewa. Tukaambiwa sasa maji yatauzwa na kampuni. Nikashangilia mpaka sauti ikakauka. Ya kulainisha koo sikupata.

Ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 43: kila mtu ana haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Hicho nimekikariri. Nikamsomea kijana wa mkokoteni, neno kwa neno. Akasikiza vizuri, hata kofia akavua. Kisha akasema bei ni ileile, na mawakili wanalipa kabla ya kumiminiwa. Tangu siku hiyo ploti nzima inaniita Wakili. Hata watoto. Hata keateka, na huyo nina deni lake.

2013 kaunti zikaanza, maji yakaangukia gavana. Akaja Kidero. Akaja Sonko. 2020 Sonko akatia sahihi, kazi kubwa kubwa za kaunti zikaenda kwa Nairobi Metropolitan Services (NMS) ya serikali kuu, bosi wake Jenerali Badi. Nikasema haya, mwanajeshi! Sasa maji yatapiga saluti. Na kweli, visima vikachimbwa mitaa ya mabanda. Nikapata wivu. Nikamwendea landilodi, nikamuuliza kwa adabu kama ploti yake inaweza kuhesabiwa mabanda. Akaniuliza kodi ya mwezi jana iko wapi. Nikatoka kwa adabu ileile.

2022 NMS ikafunga virago, Sakaja akaingia. Nikaosha mitungi tena.

Sasa kuna mzee mmoja hapa kwa kioski, anajua kila kitu. Akaniambia, Wakili, hebu keti. Bwawa la Ndakaini, linalobeba mzigo mkubwa wa maji ya Nairobi, liko Murang'a. Sasumua liko Nyandarua. Bwawa la Ruiru liko Kiambu. Gavana uliyempigia kura haongozi hata moja ya kaunti hizo. Ndakaini lilikamilika 1994, Moi akiwa Ikulu. Lile handaki la Murang'a la kuleta maji Nairobi, karibu kilomita 12 chini ya ardhi, lilianza enzi ya Uhuru, Raila akalipinga akisema litaikausha Murang'a, wakavutana weee. Miaka mitano ya gavana inaisha kabla bomba halijafika popote. Na watu wa Nairobi wanaongezeka kila siku. Nikatingisha kichwa kama msomi. Nilikuwa nadhani Ndakaini ni jina la chifu.

Kinachoniuma ni chemchemi za Kikuyu. Ziko hapo juu tu, nauli ya matatu moja, na zimenywesha Nairobi tangu mkoloni. Mimi jirani yake nanunua kwa mtungi. Siku yetu ya mgao ikifika, mfereji unakohoa saa nane usiku. Nakimbia na kaptura, nakuta jirani ameshajaza hadi karai la kuogeshea mtoto. Ananiambia, "Pole, Wakili." Lakini bili? Bili haijawahi kukosa njia.

Haya, Agosti 2027 tunapiga kura tena. Watakuja hapa na spika kubwa na tisheti. Chukua tisheti, ni yako. Lakini kabla hujapiga makofi muulize mheshimiwa mambo matatu: maji ya Waithaka yatatoka bwawa gani, yatapita bomba gani, na yatafika siku gani ya wiki? Akianza kusema "serikali yangu itahakikisha", rudi nyumbani ukalale. Saa nane usiku utahitajika.