Sifa za Siku za Wataalamu

Wapo wanaonung'unika kwamba maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, yaliyoanza mwaka 1895, hufunguliwa kwa wakubwa siku kadhaa kabla ya Jumamosi ya umma. Hao hawajui neema. Siku hizo ni za wataalamu: wakurugenzi wa makumbusho, waandishi, wauza picha, na wale ambao utaalamu wao ni kualikwa.

Fadhila yake kuu ni kumpumzisha mtu na sanaa. Macho hayana sababu ya kuhangaika hadi ukutani. Yakishasoma beji kifuani kwa mwenzako, kazi imekwisha. Beji ya mkurugenzi hutazamwa kwa utulivu ambao hakuna mchoro unaoupata. Ya mwandishi kutoka Dar es Salaam hupewa nukta moja, kisha macho yanaruka bega lake kutafuta kifua kingine. Nimemwona bwana mmoja ameipa video kisogo huku akieleza ilivyomliza. Mwingine alipiga picha maelezo ya mlangoni, akaondoka. Kazi yenyewe ilikuwa chumba cha ndani. Kwa kasi hiyo mtu humaliza mabanda ya bustani za Giardini kabla ya chakula cha mchana, kumbi za Arsenale kabla ya karamu, na usiku ana msimamo kuhusu nchi themanini na kitu.

Fadhila ndogo ni nyingi: mifuko ya kitambaa ya bure, mvinyo, mazoezi ya kupanda madaraja, na boti za matajiri zinazotia nanga karibu, tusije tukachoshwa na kuiona bahari.

Foleni nayo hufunza subira. Nje ya banda la nchi moja tajiri tulilowana na mvua huku mama mmoja, mwavuli wake umeshikwa na mtu mwingine, akipitishwa pembeni. Mlinzi akaniambia nisubiri. Nisubiri nini, rangi ikauke?

Na hiyo ndiyo foleni fupi. Ndefu ni ya viza, ubalozini. Mwaka 2024 msimamizi wa maonyesho, Adriano Pedrosa, aliyapa jina la kutangaza kuwa wageni wako kila mahali, na Tanzania ikaingia kwa mara ya kwanza na banda lake. Wageni kila mahali, sawa, ila kwanza lete taarifa ya benki, bima, tiketi ya kurudi, na uthibitisho kwamba una sababu ya kurudi kwenu.

Siyo kwamba mlango wa Venice haujui kulegea. Mwaka 2013 banda la Kenya lilijaa wasanii kutoka China. Mwaka 2015 orodha ikaja na sura ileile, mpaka wasanii wa Kenya walipopiga kelele na serikali ikalikana banda lililobeba jina lake. Swali ni nani alikuwa akilala wizarani miaka yote miwili. Ofisa anayekwenda kukata utepe hapangi foleni ubalozini. Barua yake ina muhuri. Akifika Venice huuliza msanii yuko wapi, wapige picha.