Kumbe Wayahudi Nao Wana Nyota Zao

Jamani, yale matangazo kwenye nguzo za umeme si mnayaona? Nasafisha nyota, narudisha mume, malipo baada ya kazi. Mh! Mchana tunaguna na kucheka, usiku kuna mtu anarudi kunyatianyatia akinakili namba. Ila msidhani ni sisi peke yetu. Wayahudi bahati wanaiita mazal, na asili ya neno ni hizohizo nyota za angani!

Tena ibada ya nyota ilishapigwa marufuku. Fungueni Wafalme wa Pili, sura ya 23: Mfalme Yosia anawatimua makuhani waliokuwa wakifukizia uvumba jua, mwezi na nyota. Yameisha? Wapi! Karne zikapita, marabi wa Talmudi, kitabu cha mijadala yao, wakaanza upya: Rabi Hanina anasema Israeli wana mazal, Rabi Yohanan anasema hawana. Wazee wazima!

Leo bwana harusi akikanyaga glasi ikapasuka, ukumbi mzima unapiga kelele: mazal tov, bahati njema! Mhudumu wa mgahawa huko Israeli akiangusha sahani, wateja nao: mazal tov! Kwetu sahani ikivunjika, mshahara unakatwa. Lakini ole wako umwambie mjamzito mazal tov. Utatazamwa kama mchawi. Yeye huambiwa b'sha'a tova, jambo litimie kwa saa njema. Hongera ni mpaka mtoto alie.

Walionimaliza kabisa ni wauza almasi. Antwerp, New York, Ramat Gan, watu wanauziana vijiwe vya mamilioni, wanapeana mkono, wanatamka mazal u'bracha, bahati na baraka, biashara imekamilika. Ukigeuka baada ya hapo, soko zima litakukimbia. Na Wajaini wa Gujarat, India, waliojaa katika biashara hiyo wanayatamka maneno hayo utadhani wamezaliwa Yerusalemu! Almasi yetu ya Mwadui nayo imewahi kupelekwa kuuzwa hukohuko Antwerp, kwenye mji wa maneno mawili na kiganja.

Aah, sisi! Kumwazima jirani pampu ya baiskeli tunaita mashahidi, na pampu bado hairudi. Wayahudi wana msemo kwamba abadiliye mahali hubadili na mazal yake. Basi pampu yangu itakuwa na bahati kubwa sana sasa hivi, maana mara ya mwisho imeonekana Mbagala, inajaza matairi ya watu kwa malipo.