Kilichopasuka Chumbani kwa Mama Mkwe

Mama mkwe ameondoka leo kwa basi la alfajiri, na shikamoo yangu imebaki stendi haina marahaba. Mizigo yake alimkabidhi kondakta, nami nimesimama pale pale, mikono mitupu.

Usiku wa kuamkia jana, chini ya kitanda alicholalia, nusu ya gogo la mwembe ilipasuka. Mti mbichi ukiamua kupasuka haupigi hodi. Ulilia pa! mama akaketi, ukalia tena, mama akatoka mbio na upande mmoja wa khanga, akipiga kelele kwamba kuna mtu ana bunduki. Nami nikatoka chumbani kwangu, nikamwona alivyo, nikafumba macho kwa heshima zote, nikaupamia mlango wa choo. Majirani hawakungoja mwaliko. Waliingia na panga, tochi na mchi wa kutwangia, na nyuma yao mjumbe wa mtaa, shati kalivaa ndani nje.

Uvunguni hawakukuta mwizi. Walivuta vipande vya magogo vilivyotiwa kwenye salfeti pamoja na maranda, ncha zote zimepakwa rangi nyekundu, kila kimoja kimeandikwa tarehe na namba kwa chaki. Na hapa ni Tanga.

"Namba hizi za nini?" mjumbe aliuliza.

"Kilo. Napima maji yanavyopungua."

"Maji ya nani?"

"Ya mti. Nangoja ukauke."

"Ukishakauka?"

"Napata bakuli."

"La kutilia nini?"

Hapo bibi mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursiy.

Basi nieleze hapa nilichonyimwa nafasi ya kueleza kule. Mti uliokatwa jana umejaa maji. Yale yaliyomo ndani ya vishimo vya mbao hutoka kwanza, na mbao haishtuki. Unyevu ukishuka hadi kama asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, ndipo yanapoanza kutoka maji yaliyonywewa na kuta za vishimo vyenyewe, na hapo mti huanza kunywea. Laiti ungenywea sawasawa! Kwa urefu haupungui karibu chochote. Kutoka kiini kwenda kwenye gamba hupungua kiasi. Kuzunguka zile pete hupungua kama mara mbili ya hapo. Gogo la duara lina kiini katikati, kwa hiyo mzunguko unataka kujibana na kipenyo kinakataa. Hakuna suluhu ila ufa, kutoka gambani hadi kiini.

Dawa yake ni kulipasua gogo kwa urefu, msumeno upite kiini chenyewe, kisha kila nusu uiondolee ubao wenye kiini. Ncha unazipaka rangi au nta upesi, siku hiyo hiyo, kwa sababu ndiko maji yanakokimbilia. Halafu unakata pembe, kipande kinakuwa duara, kinapanda kwenye kerezo kikiwa bado kibichi. Bakuli la sentimita 30 unaliachia ukuta wa sentimita 3, unaliweka kivulini miezi, linapinda kama linavyotaka, likiacha kupungua uzito unalirudisha kerezoni kulinyoosha. Napenda sana kulitazama bakuli likijipindia lenyewe, mdomo ukiacha duara na kuwa yai, bila mtu kuligusa.

Mimi mstari wa chaki niliupitisha katikati ya kiini. Fundi wa msumeno wa cheni akakuta kifundo, akakikwepa, kiini kizima kikabaki upande mmoja. Nilipomwambia arudie, alitaja bei ya mkato mwingine, na bei hiyo ilikuwa ya mti wa pili.

Lakini fundi namsamehe. Mwembe ule uliangushwa kupanua barabara, mti uliowalisha watoto wa mtaa mzima, na wenye kazi waliuhesabu kuni tu: lori, tanuri la chokaa, basi. Vipande nilivyovinunua vilisimamishwa kizuizini nikadaiwa kibali cha mazao ya misitu. Msitu gani, wakati mti umetoka uani kwa watu? Nikiwa bado najieleza, pikipiki iliyosheheni magunia ya mkaa ilipita, dereva akapunga mkono, akapungiwa. Nililipa. Risiti sikupewa. Usiku wa magogo naweza kuucheka, uonevu huu siuchekei.

Utomvu wa mwembe umenibabua shingo. Vipande viwili kuvu imevichora michirizi ya kijivu, na ndivyo pekee vilivyoulizwa bei. Kingine kiliruka kerezoni kikavunja kioo cha jirani, ambaye nilimwahidi bakuli badala ya kioo, mwakani, likishakauka. Amesema atapokea fedha.