Mwanamume Kwenye Buti

Mafundi wengi wa redio za magari wana imani moja: kinachozunguka kizungushwe mpaka mwisho. Aliyenifungia sabufa kwenye buti alichomoa bisibisi, akakaza skrubu zote za amplifaya kuelekea kulia, akajifuta jasho. "Bosi, sasa utasikika mpaka Mbagala." Akaweka singeli. Plate namba ya nyuma ikaitikia, watoto wa jirani wakaanza kucheza, nami nikalipa.

Kasheshe ilianza siku nilipompeleka mama mkwe msibani. Muziki ulikuwa hauna adabu siku hiyo, nikafungulia taarifa ya habari. Msomaji alikuwa na ile sauti nzito ya wanaume wa redioni. Mama alinyamaza mpaka tukapita Tazara, kisha akageuka taratibu.

"Baba, huyo mtu huko nyuma ni nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni redio."

"Redio si hii hapa mbele?"

Sikuwa na la kujibu, maana alikuwa na hoja. Skrubu ya krosova ndiyo inayoamua sabufa iishie wapi, na yangu fundi aliipandisha hadi hezi 250. Sauti ya mwanamume akizungumza huanzia kwenye hezi 85 hadi 180 hivi. Kwa hiyo kifua chote cha msomaji kilikuwa kimehamia kwenye buti, spika za milangoni zikasikika kama zimebaki na "s" na "t" zake tu. Ukishuka chini ya hezi 80 hivi, sikio hupata tabu kujua mdundo unatoka upande gani. Ndiyo maana wanaojua kazi huanzia hapo.

Tulipoegesha, nilifungua buti nikaanza kurudisha skrubu kidogo kidogo, mama akiwa ndani akinisikilizia.

"Sasa yuko wapi, mama?"

"Bado yumo, ila kichwa kimetoka."

Nikashusha tena.

"Amefika kiti cha nyuma. Mwambie asogee."

Krosova haikati ghafla, hufifisha taratibu, kwa hiyo safari ya yule bwana ilichukua muda. Waombolezaji wawili walisimama kutazama. Nilipofika 80 nikasikia mama anagonga kioo.

"Haya, amekaa hapa mbele. Sasa arudie ile habari ya bei ya sukari, alikuwa mbali sikumsikia."