Macho Hayana Pazia, Mheshimiwa

Kwa Mheshimiwa Mfumo wa Mapendekezo,
Jukwaa la Video (jina nalihifadhi),
Ndani ya Simu Yangu.

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA UGONJWA WA BAWASIRI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, mwezi uliopita, usiku, nilitafuta video moja ya bawasiri. Nilikuwa namtafutia rafiki. Ndiyo, rafiki. Nikaitazama dakika nne, nikalala. Wewe hukulala. Kulipokucha ulishanipangia waganga sita, juisi ya shubiri, na mzee mmoja anayefundisha namna ya kukaa.

Nakushukuru kwa moyo huo. Mama yangu mzazi, nikiugua, hunijulia hali asubuhi na jioni. Wewe hunijulia hali kila nigusapo simu, tena kwa bando langu.

Mambo yaliharibika Jumamosi, kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu. Mwenyekiti wa kamati aliniomba niwaonyeshe wajumbe video ya ukumbi. Simu ikapita mkono kwa mkono hadi kwa shangazi. Shangazi akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Dalili tano za bawasiri usizozijua." Kikao kikawa kimya. Hata mweka hazina aliacha kuhesabu ahadi. Shangazi akanigeukia kwa huruma: "Mwanangu, kumbe ndiyo maana hukai?"

Nilikuwa nimesimama kwa sababu viti havikutosha.

Utaniambia kipo kitufe cha "Sivutiwi". Nimekibonyeza hadi kidole kimeota sugu. Kinanikumbusha sanduku la maoni la ofisini: kufuli lina kutu, na ufunguo uliondoka na bosi aliyestaafu. Wala silii peke yangu. Mwaka 2022 taasisi ya Mozilla ilivipima vitufe vya ndugu yako YouTube kwa msaada wa watu zaidi ya 20,000 waliojitolea. "Sivutiwi" kilizuia asilimia 11 tu ya mapendekezo yasiyotakiwa. Kile cha kuikataa chaneli nzima, kilichoshika namba moja, kilipata 43. Darasa ambalo wa kwanza ana 43, mwalimu ndiye huitwa ofisini.

Najua unapimwa kwa kipimo gani. Tangu 2012 YouTube iliacha kutegemea idadi ya mibofyo ikaweka mbele muda wa kutazama, na wengi wenu mmeshika mizani hiyo. Lakini mizani hiyo haimjui aliyetazama kwa hofu, wala aliyeacha video iendelee kwa kuwa mikono imejaa unga wa chapati. Macho hayana pazia, Mheshimiwa. Ajali ikitokea barabarani sote tunageuza shingo. Hakuna anayefika nyumbani akaomba aandaliwe ajali nyingine na chakula cha jioni.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kuangalia kusihesabiwe kuwa ni kutaka. Pili, "sitaki" yangu ipewe uzito uleule uliozipa zile dakika nne.

Harusi ni wiki ijayo. Shangazi ameshanunua mto laini, na kamati imeupitisha kwenye bajeti ya ukumbi. Naomba unijibu kabla sijaukalia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mgonjwa Asiyeumwa

Nakala: Shangazi