Heri Mshale Usioshuka

Injini ina wa kuisifu, tairi lina wa kulisifu, hata honi ya bodaboda, pamoja na kero zake zote, ina mashabiki. Geji mbovu ya mafuta haina mtu. Mwenye pikipiki huitazama kwa jicho baya, abiria huicheka, na fundi huulizia bei ya mpya kabla hajaigusa. Huo ni uonevu mtupu. Kifaa hiki kidogo humpunguzia dereva mawazo, humzoesha kutembea kwa miguu, na humpa riziki kila anayeuza petroli kwenye chupa za soda kando ya njia. Lakini hizo ni fadhila ndogondogo. Fadhila yake kuu, inayostahili kutajwa kwa adabu zote, ni msimamo.

Tazama safari ya kutoka Sumbawanga kwenda Kaoze. Unaiacha baridi ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, unaporomoka ukingo wa milima hadi kwenye joto la bonde la Ziwa Rukwa, kiasi cha mita 1,000 chini yake. Katika mteremko huo geji nzima hujidhalilisha. Petroli ikikimbilia mbele ya tanki, mshale unayumba. Barabara ikiwa na mawimbi, mshale unacheza. Ukiegesha pikipiki kwa stendi ya pembeni, mshale unatoa kauli nyingine kabisa. Kigeugeu! Geji mbovu haina tabia hizo. Mjini ilisema F, yaani tanki limejaa, mteremkoni inasema F, na kwenye majaruba ya mpunga kule Kaoze inasema F. Injini ikikohoa mara mbili na kuzimika, bado ni F. Dereva anashuka, anaishika pikipiki usukani na kiti, anaitikisa huku na huku ametega sikio juu ya tanki. Hasikii chubwi, anasikia funguo zikigongana tu. F. Wako watu waliohama vyama mara tatu kwa miaka kumi. Geji hii haijawahi kuhama.

Atatokea mtu aseme huo si msimamo, ni uongo. Tumjibu kwa haki: mshale hausemi uongo, unasema ulichoambiwa. Ndani ya tanki kuna boya lenye mkono. Petroli ikipanda au kushuka, boya linaifuata, mkono unabadilisha ukinzani wa umeme, waya unaufikisha ujumbe kwenye dashibodi. Tatizo linaweza kuwa kwenye mshale, kwenye waya au kwenye boya, na kulijua hakuhitaji mganga. Sumbawanga, mji ambao wengi husema jina lake maana yake ni kutupa uchawi, ungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Fungua soketi ya waya chini ya tanki, washa swichi. Kwenye pikipiki nyingi mshale utaanguka hadi E, yaani tupu. Sasa unganisha zile nyaya mbili za upande wa dashibodi kwa kipande cha waya: mshale utapanda hadi F. Mshale ukitii hivyo, geji haina kosa. Huenda mkono wa boya umekwama juu. Lakini mshale ukibaki F hata soketi ikiwa wazi, mara nyingi waya umechubuka mahali na kugusa bodi. Umepiga shoti. Ujumbe umegeuzwa njiani, haukutoka kwenye tanki kabisa.

Hapo ndipo sifa zinaponikaukia mdomoni. Uchunguzi huo ni wa dakika kumi, na fundi haufanyi. Anabadilisha geji. Ikigoma, anabadilisha boya. Ikigoma tena, anataka dashibodi nzima, na mteja analipa mara tatu kwa ajili ya waya ambao ungezungushiwa utepe tu. Fundi naye ana la kujitetea: mteja ana haraka, na spea ina faida kuliko uchunguzi. Kweli. Ila huo ugonjwa wa kutochungulia chanzo hakuuanzisha yeye; upo hata serikalini. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na Wakala wa Vipimo hukagua pampu za vituo. Ni kazi njema zote mbili. Lakini chupa ya soda iliyojazwa petroli kijijini haina kikomo wala lakiri, na ndiyo pampu ya wengi. Kwenye karatasi, F.

Vivyo hivyo taarifa ya kisima. Inapaswa kutoka kijijini, kupanda ngazi kwa ngazi hadi Dodoma. Mwandishi wake hakufungua bomba. Amenakili ya mwaka jana. Ujumbe umegusa bodi njiani na kugeuka, na mshale wa juu umepanda kwa sababu tu haukuambiwa lolote na maji. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi; mafundi huiita shoti. Siku kinamama wakionekana na ndoo tupu, tunatumbua mtu, tunaapisha mwingine, tunaunganisha waya uleule uliochubuka. Tumenunua geji mpya.

Watasema nchi ni kubwa, kiongozi hawezi kufika kila kisima. Sawa, na mshale nao haujawahi kuingia kwenye tanki. Hakuna anayemtaka waziri aogelee. Kinachotakiwa ni boya lililolowa, na waya usiogusa bodi ya mtu yeyote njiani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kununua geji, fungua soketi. Na ukiona mshale haujashuka hata kidogo kutoka Sumbawanga hadi Kaoze, usishangilie. Fungua kifuniko cha tanki, uchungulie mwenyewe.