Ridhaa ya Mwenye Fedha

Katika kazi hii ya video za harusi hapa Mombasa, lililo jepesi ni kupiga picha, na linalolifuatia kwa wepesi ni kuzikata na kuziunga. Ama lililo zito, linalomkosesha mtu usingizi na kumcheleweshea ujira wake, ni kupata ridhaa ya wenyewe. Mteja si mtu mmoja. Mteja ni aila nzima, pamoja na jirani aliyeazimisha viti.

Aghalabu mimi hupewa kupamba, hafla ile ya wanawake watupu ambayo mwanamume hathubutu kuikanyaga, na ambayo kwa sababu hiyo hiyo sharti ipigwe na mwanamke, ihaririwe na mwanamke, itazamwe na wanawake. Rasimu huipeleka kwao kwa mkono wangu, maana WhatsApp huifinya picha hata rangi za hina zikafifia, na tena ikishatoka humo hakuna ajuaye itakapolala. Na jina la studio yangu huwa nimelipitisha katikati ya kioo mpaka salio lilipwe. Neno la kwanza ninaloambiwa, salamu hazijesha, ni kwamba maandishi hayo yamemfunika bibi harusi uso.

Kisha huja maoni, kwa ujumbe wa sauti, usiku wa manane. “Mwanangu, pale mlangoni, anapopita yule mwenye buibui jeusi, pakate.” Nami narudi kuutazama mlango huo, ambao wageni wote, pasi na kubakia hata mmoja, wameupita na buibui jeusi. Shangazi mmoja aliisimamisha filamu hasa pale alipofumba macho, akadai nimemvunjia heshima. Nikamweleza kwa taadhima kwamba kila sekunde ina picha 25, na saa moja ina picha 90,000, na kwamba hakuna kiumbe awezaye kuketi muda wote huo asipepese. Akanijibu, “Basi hizo za kupepesa ndizo uzitoe.”

Lakini mtihani wenyewe hasa ulinifika kwa ami wa bibi harusi mmoja, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Maskati na kugharimia shughuli nzima, tangu maua hata ujira wangu. Yeye alikuwa maharimu wa bibi harusi, bali si wa wageni wale waliojaa ukumbini. Ikawa mwenye fedha hana idhini ya kutazama, na wenye idhini hawana fedha. Akaapa kuwa hatalipa salio la kitu asichokijua. Mama yake, ajuza asiyeshindwa na kesi, ndiye aliyekata shauri: wanawake watazame ndani, naye akae barazani, nyuma ya pazia, asikilize.

Akasikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho, saa mkononi na kalamu kidoleni. Karatasi aliyoniletea ilinistaajabisha, kwani miongoni mwa wateja wangu wote huyu asiyeona kitu ndiye pekee aliyeniandikia dakika na sekunde. Dakika ya 12 na sekunde 40, kigelegele kimekatwa hakijesha. Dakika ya 31 na sekunde 5, kinanda kimemmeza mwimbaji. Dakika ya 47 na sekunde 18, kuna mwanamke asemaye kwamba nyama ya biriani ilikuwa ngumu; hapo pasiguswe, ila nijulishwe ni nani.